Nyayo za Jirani Mgongoni kwa Mume Wangu

Kwetu Ngokolo, mtu aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu anaaminika kuwa na dawa kwenye nyayo. Ukiumwa mgongo unalala kifudifudi, anakukanyaga asubuhi tatu, basi. Jirani yangu, mwanamke mwenzangu, alizaliwa hivyo. Mimi nilitanguliza kichwa kama watu wengine wote.

Mume wangu aliumia mgongo akichekecha mchanga wa almasi kule Maganzo. Nilimkanda kwa maji ya moto wiki nzima, hakusema hata ahsante. Jirani alipomkanyaga mara moja tu, mume wangu akatangaza kwamba amepata nafuu. Nilisimama mlangoni na ufagio, nikiangalia zile nyayo zilizopakwa mafuta zikipanda na kushuka kwenye mgongo wa mume wangu. Jirani alikuwa anacheka. Mume wangu naye anacheka. Niliwachukia wote wawili kwa mpigo.

Asubuhi tatu zikawa sita. Mume wangu akirudi kutoka kwa jirani, nampokea kwa maneno: leo amekukanyaga wapi? Aliponiambia mguu unakufa ganzi, nikamjibu akamwambie mwenye nyayo zake. Tangu hapo hakuniambia kitu tena, nami nikadhani nimemkomesha.

Alhamisi asubuhi jirani akaja kwangu mwenyewe.

"Mwangaluka, dada," akanisalimu Kisukuma. "Shemeji tumpeleke hospitali Kolandoto leo hii. Mgongo ule mimi siukanyagi tena."

"Umekuchosha?"

"Anaburuta mguu," alisema. "Mengine atamwambia daktari."

Tulikwenda watatu kwa bajaji, yeye akiwa amekaa upande wa pili wa mume wangu, na hilo pia nililiona. Daktari alimgongagonga magoti, akamwambia anyanyue kidole gumba cha mguu. Hakikunyanyuka. Akatueleza kwamba maumivu mengi ya mgongo huisha yenyewe baada ya wiki chache. Lakini mguu ukiisha nguvu, mapaja yakafa ganzi kwa ndani, au mkojo ukagoma au ukatoka bila mtu kujua, hapo haisubiriwi hata siku moja, la sivyo anaweza asitembee tena. Alimuuliza mume wangu kuhusu mkojo, naye akainamisha kichwa; ndipo daktari akanigeukia.

"Mama, tangu lini hasikii mkojo?"

Mume wangu aliangalia ukuta. Nalala naye kitanda kimoja, na sikujua lolote.

"Tangu Jumatatu," jirani akasema taratibu. "Ameniambia leo asubuhi."

Siku nne mume wangu aliogopa mdomo wangu. Na hata pale, Mungu anisamehe, kilichoniuma kwanza ni kwamba yule mwanamke alijua.