Mkono Kabla ya Umeme

Nilisema kweli. Naanzia hapo kwa sababu hata leo najitetea kwa maneno hayo hayo. Wazee wawili wa kanisa walishuka kutoka Machame, wakanivuta pembeni na kuniuliza kama mkono wa fundi unatetemeka. Nikajibu, unatetemeka.

Ilikuwa miaka ya mgao wa umeme. Karakana ilikuwa mtaa wa Majengo, na mimi nilikuwa mtu mzima niliyeacha kahawa baada ya bei kuanguka, nikaja mjini kujifunza kukereza mbao. Fundi wangu alikuwa mzee wa Kipare. Aliugua mwaka uliotangulia, mkono wa kulia ukabaki na mtetemeko. Sasa wazee walikuwa wameleta gogo la mringaringa, mti uliopandwa na watu waliojenga kanisa lao, ukaangushwa na upepo. Walitaka nguzo ya kubeba beseni la ubatizo. Gogo lilikuwa hilo moja tu. Patasi ikinasa na kung'oa kipande, hakuna lingine.

Niseme na upande wa pili: nilitaka kazi ile wanipe mimi. Kama ningeiweza, sijui. Miguu ya vitanda niliiweza, tena si yote.

Wazee wakasema watamtazama kwa macho yao. Umeme ulikuwa unarudi saa nne asubuhi, tukasubiri. Fundi akanywa chai, nusu ikamwagika kwenye kisahani. Mzee mmoja akanitazama kama anayenishukuru. Nikainama kuokota kitu ambacho hakikuwepo.

Kisha fundi akaomba maji ya moto kwenye karai, akatumbukiza mikono hadi kwenye viwiko.

"Mangi, ongeza maji," akaniambia, kwa jina alilomwitia kila Mchaga. "Haya ni ya kuogeshea vifaranga."

"Mpare kuomba maji yaongezwe!" mzee mmoja akacheka, kwa ule utani wa ubahili wa Wapare. "Leo mvua itanyesha."

"Ninyi nyamazeni. Mngejua mikono inapashwa moto, mngekuwa mmeshafungua duka la karai."

Alijifuta, akachukua patasi ndefu, akasimama mbele ya mashine ya kukereza, iliyolala bila umeme. Akakandamiza mpini kwenye nyonga, akalaza chuma juu ya egemeo, akaanza kuyumba kutoka kushoto kwenda kulia, magoti kwanza, halafu kiuno, mikono ikifuata tu. Hapakuwa na mti wa kukata. Ncha ya patasi ilidundadunda kama sindano ya cherehani. Akarudia, akarudia tena. Sikuhesabu, ila chai yangu ilipoa. Mdundo ukapungua kidogo kidogo, kama sufuria iliyoepuliwa jikoni, mpaka ncha ikapita hewani imenyooka.

Miezi tisa nilikuwa karakana ile, na wakati huo wa asubuhi nilikuwa nakwenda kununua vitumbua. Nikirudi na kumkuta anamalizia, nilidhani fundi ananyoosha viungo vya uzee.

Taa ikawaka, mtaa mzima ukashangilia. Fundi hakuligusa gogo. Alifunga kwanza kipande cha mgrevilea kisicho na kazi, akasema bismillahi, akawasha. Maranda yakatoka kama utepe, membamba, hayakatiki, yakaangukia viatu vya wazee, nao hawakusogea. Alikikereza kipande mpaka kikabaki kama penseli, akazima, akakitupa.

Mzee yule akanigeukia, mbele ya fundi. "Wewe ulituambia mkono unatetemeka."

Nilitamani ardhi inimeze. Fundi hakugeuka. "Amesema kweli. Unatetemeka. Ameacha tu kuwaambia saa ngapi."

"Nilikuwa sijui, mzee," nikasema.

"Ulikuwa hutazami," fundi akanijibu.

Wazee wakanong'onezana Kimachame, kisha mmoja akasema, "Lifunge." Tukalinyanyua gogo mimi na fundi, tukalikaza kwenye mashine.

"Mangi, simama nyuma yangu," akasema. "Weka kiganja hapa mgongoni, usinisukume. Ujifunze."

Nikaweka. Akawasha. Mringaringa ukaanza kutoa rangi yake ya asali, na nguzo ikatokea kama iliyokuwa imejificha humo ndani. Lakini mimi sikuwa naangalia nguzo. Chini ya kiganja changu mgongo wa mzee ulikuwa unatetemeka, wote, bila kukoma, na mbele yake ncha ya patasi ilipita kwenye shingo ya nguzo, pale pembamba kuliko pote, bila kuacha hata kovu. Nimejaribu mara nyingi kuandika jinsi ilivyokuwa na sidhani nimewahi kupatia.

Alipozima, nguzo ilikuwa nzima. Mzee wa kanisa aliipapasa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Haya, sema sasa. Unatetemeka au hautetemeki?"

Nikatafuta jibu la kweli, nikalikosa.