Nusu ya Kuonja

Kwetu dawa haipewi mtoto kabla ya kuonjwa. Sijui desturi hii ilianzia wapi. Mama yangu aliipata kwa mama yake, nami niliipata kwake huko Butali kabla sijamaliza kung'oka meno ya utotoni. Iwe ni majani machungu yaliyochemshwa, iwe ni dawa ya kikohozi kutoka zahanati, anayeitoa humeza kidogo mbele ya mgonjwa ili mgonjwa ajue hakuna ubaya ndani. Mama alikuwa akionja, anakunja uso, kisha anasema, "Haya, nimetangulia. Nifuate." Tulimfuata.

Binti yangu alipofika miaka minane alikuwa hawezi kukaa. Sisemi utundu, watoto watundu nimewafundisha miaka kumi na minne na wala hawanitishi. Huyu alianza kufunga kiatu akakiacha, akaanza hesabu akaiacha, akasimama katikati ya somo akaenda kuangalia ndege dirishani. Mama yangu alisema mtoto ana siafu kwenye damu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi karibu na Khayega, na mtoto wangu alisoma hapo hapo, kwa hiyo kila aliposimama darasani aibu ilinifikia kabla ya kengele.

Daktari wa watoto mjini Kakamega, mwanamke mtaratibu mwenye tabia ya kuuliza swali moja mara tatu, alimchunguza kwa wiki kadhaa, akaomba barua za shule, mwishowe akaandika vidonge. Alinieleza vizuri, siwezi kumlaumu. Ni dawa ya kuchangamsha ubongo, alisema, lakini mtoto wa aina hii, ubongo ukichangamka, yeye hutulia. Kidonge kimoja asubuhi, baada ya kula. Kisha akaniangalia machoni.

"Mwalimu, hii si dawa ya kugawana. Hata duka la dawa haliitoi bila karatasi yangu. Iweke juu."

Niliitikia kama mwanafunzi. Niliiweka juu ya kabati ambapo mtoto hafiki. Mimi nafika bila hata kunyoosha vidole.

Jumatatu ya kwanza nilikata kidonge kimoja katikati, nikameza nusu mbele yake, nikasema, "Nimetangulia. Nifuate." Yeye akameza chake kizima na uji wa wimbi, tukaenda shule. Kufikia saa nne nilikuwa nimesahihisha insha za madarasa mawili. Haikuwa furaha, watu wasidhani nilirukaruka. Ilikuwa utulivu. Kichwa changu siku zote ni kama soko la Khayega siku ya gulio, na asubuhi hiyo wachuuzi wote walinyamaza kwa pamoja. Nilikaa katika ukimya ule nikafanya kazi hadi jioni.

Jumanne nilionja tena. Dawa ni ile ile, chupa ile ile, unaonja nini? Nilikuwa na jibu: pengine kila kidonge kina lake. Msomi akitaka kujidanganya hakosi hoja.

Nusu ikawa kizima. Nilipoona chupa inapungua mbio, mtoto ndiye akapata nusu. Baadaye, tangu muhula wa pili ulipofunguliwa, nilianza kumpa kidonge cheupe cha vitamini kinachofanana na kile. Hicho nacho nilikionja mbele yake, ili asishuku.

Watu walinisifu! Mwalimu mkuu alinikabidhi kamati ya mitihani. Kanisani akina mama walinifanya katibu wao, wakaniambia nimekonda vizuri, niwape siri. Hakuna aliyeniona saa kumi alasiri, dawa ikishuka, nikiwa nimekaa katika choo cha walimu huku taya zimekazana na moyo unapiga hadi nausikia masikioni. Hakuna aliyeuliza kwa nini nilirusha daftari la mwanafunzi nje ya dirisha kwa sababu ya nukta moja. Wiki hiyo hiyo niliandika ubaoni "Mficha maradhi kifo humuumbua" nikawaambia watoto watunge kisa. Niliwapa dakika arobaini.

Binti yangu naye alirudi kwenye siafu zake. Mwalimu wake alihamishia dawati lake pembeni, likitazama ukuta. Nilipita dirishani nikamwona amekaa pale peke yake anakwaruza rangi ya ukuta kwa kucha. Nilijua ni kwa nini. Nikapita.

Nilimrudisha kwa daktari nikasema dawa imekataa.

"Unampa wewe mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na unamwona akimeza?"

"Namwona, daktari."

Akaandika karatasi mpya, akapandisha kipimo: viwili asubuhi, viwili mchana. Nilifurahi. Naandika neno hilo kwa sababu ndilo la kweli. Nilitembea hadi duka la dawa nikimburuta mtoto kwa mkono, na njia nzima alikuwa akiniuliza kama sasa atarudishwa kukaa na wenzake.

Likizo ya Agosti ilipofika mama alimwomba mjukuu wake aende Butali. Nilikuwa nimepanga kumfungia vitamini. Lakini mume wangu, ambaye hufanya kazi Eldoret na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, aliamua kumpeleka mapema nikiwa shuleni kwenye kikao. Alifanya kila kitu ambacho mzazi mwema angefanya. Alifunga nguo za mtoto, akakumbuka dawa, akaishusha kutoka juu ya kabati, akampelekea mama yangu chupa mkononi. Nilirudi jioni nikanyoosha mkono pale juu nikagusa vumbi.

Nitasema nilichohisi kwanza, kisha msomaji anihukumu. Niliogopa kwa ajili yangu: nitaamkaje kesho? Nilitafuta hadi nyuma ya kabati. Ni baada ya kukaa kitandani ndipo nilipokumbuka kwamba kile kipimo kipya, kile cha viwili viwili, kiliandikiwa mtoto ambaye hayupo. Mtoto wangu wa kweli hakuwa ameonja dawa ile muhula mzima.

Nilipiga simu. Nilikusudia kusema, Mama, usimpe. Badala yake nikasema, "Mama, mtoto amefika salama?"

"Amefika, mwanangu. Ako hapa anakulanga obusuma, sahani nzima ya ugali, kama mtu wa kukata miwa." Akacheka. "Hii karatasi kwa chupa nimesomewa. Viwili asubuhi, viwili mchana. Usijali, nitakuwa naonjanga kwanza."

Ulimi ulikuwa mdomoni mwangu, sina wa kumsingizia. Kumwambia asimpe kulitaka sababu, na sababu ilikuwa mimi. Nikasema, "Sawa, mama."

Siku mbili zilizofuata nililala. Mwili ulidai usingizi wote niliounyima. Nilipoamka, ilikuwa saa nane mchana, simu ilikuwa na miito tisa ya mama, na wa kumi ulikuwa unaingia.

"Mtoto hawezi kukaa wala kulala. Hajakula tangu jana. Anatapika, na mikono inatetemeka. Anasema kuna wadudu wanatembea kwa ukuta. Sisi tuko njiani, tunakuja hospitali ya mjini."

Niliwakuta kwenye wodi ya watoto. Binti yangu alikuwa amekaa kitandani macho wazi kabisa, na mshipa wa shingo ulikuwa unapiga upesi mno hata nikiwa mlangoni niliuona. Daktari yule yule alikuwa ameinama juu yake na kifaa cha kusikiliza moyo. Mama yangu alisimama ukutani, ameikunja leso ndani ya ngumi.

"Amepewa vingapi?" daktari aliuliza.

"Vile imeandikwa," mama alisema. "Mimi ndiye nimempa. Nilionja kipande, daktari, nikasikia moyo wangu unakimbia. Nikasema hii ni uzee tu. Nikampa mtoto."

Daktari alinigeukia. "Nyumbani alikuwa anakunywa viwili viwili?"

"Ndiyo," nikasema.

"Asubuhi na mchana?"

"Ndiyo."

Sikuwahi kuwa na sauti tulivu namna ile. Mama alidhani utulivu ule ni hasira. Alikuja mbele yangu, mwanamke aliyenizaa, magoti yanayomuuma miaka yote, akaanza kupiga magoti kwenye sakafu ya wodi akishikilia ukingo wa kitanda.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia mtoto."

Daktari alikuwa bado ananitazama, akisubiri kuuliza mara ya tatu. Sikungoja.

"Hajanywa hata kimoja muhula huu," nikasema. "Nimevimeza mimi."

Hakuna aliyenifokea, na hilo lilikuwa gumu kuliko kofi. Daktari aliandika, akawaambia wauguzi, wakabadilisha wanachokifanya. Kufikia kesho yake asubuhi mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yameshuka na alikuwa ameomba chai. Mama aliinuka mwenyewe. Hakunishika mkono.

Daktari huyo huyo ndiye aliyenipeleka kwa mshauri mjini, mwanamume mwenye ofisi ndogo na subira nyingi. Nilitarajia anipe dawa ya kuniondolea hamu ya dawa. Alisema ya namna hiyo hana. Alichonipa ni kiti, kila Alhamisi, na kazi ya kusema ukweli kwa watu mmoja mmoja: mume wangu, mwalimu mkuu, akina mama wa kanisa. Wiki za kwanza nililala kama gogo, nikala kama niko matangani, nikalia juu ya nguo zilizokunjwa. Baadaye ikaja hali ya kutotaka chochote, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Mshauri alisema ubongo unajifunza upya kujichangamsha wenyewe, na kwamba siku nitakayojiona nimepona kabisa ndiyo siku ya kumpigia simu. Nimempigia mara mbili.

Mama alihamia kwetu. Chupa hukaa kwenye kikapu chake, na kikapu hakimwachi. Kipimo kilirudishwa kuwa kimoja. Mama haonji tena. Humpa mtoto kidonge, humwambia afungue mdomo, anachungulia chini ya ulimi, basi. Dawati la binti yangu halitazami ukuta siku hizi.

Jumatatu iliyopita magoti yalimkatalia mama kuamka. Aliniita chumbani kwake, akaninyooshea kikapu. "Mpe mtoto dawa," akasema, akageukia ukuta, nadhani ili nisimwone akiomba.

Binti yangu alikuwa mezani na uji wake. Nilifungua chupa. Nilitoa kidonge kimoja nikakiweka katika kiganja chake. Alikimeza, akafungua mdomo nikachungulia, hakikuwepo. Nilidhani tumemaliza.

"Sasa wewe, mama," akasema. "Fungua."

Nikafungua. Alisimama juu ya kiti ili aone vizuri, akanishika kidevu, akachungulia kushoto na kulia na chini ya ulimi, bila haraka, huyu mtoto asiyeweza kumaliza kufunga kiatu. Kisha akanyoosha mkono nimpe chupa ampelekee kukhu, bibi yake, nami nilichelewa kidogo kuiachilia.