Jino la Ekonome

Wanawake wa ushirika ule karibu na Kirolirwe hawakunipenda tangu siku ya kwanza, nami sikujitahidi kupendwa. Kazi yangu ilikuwa kuwaandaa wauze maharagwe yao kwa shule moja ya bweni upande wa Sake. Msimamizi wa jiko la shule hiyo, ambaye huku huitwa ekonome, alikuwa amechemsha sampuli ya kwanza mbele yetu. Baada ya saa mbili motoni, nusu ya sufuria ilikuwa uji na nusu ilikuwa changarawe. Alisema atarudi mara moja tu. Ikishindikana, atanunua kwa wafanyabiashara wa sokoni.

Nilikuwa nimetoka Walikale, ambako nilisaidia ushirika wa mpunga kutenganisha mchele mwekundu na mweupe, na mnunuzi akaridhika. Nikadhani nimeshaijua kazi. Nikaagiza maharagwe yachambuliwe kwa rangi: ya njano huku, mekundu kule, yenye madoa pembeni.

Prezida wa ushirika, mama mwenye sauti ndogo asiyerudia neno, alilitazama bashe, lile turubai lililotandazwa katikati ya ghala. Kwa desturi yao kila mwanachama humwaga gunia lake juu ya bashe, kisha huchanganya kwa mikono mpaka hakuna ajuaye ya nani yako wapi.

"Papa," alisema, kama huku wanavyomwita mwanaume mtu mzima, "siye batu banatutenganisha kila siku. Sasa weye unakuya kutenganisha na maharagi?"

Wanawake walicheka. Mmoja akainua punje yenye madoa, akauliza kwa Kiswahili chao, ambamo njo ni ndiyo. "Na huyu, mama yake njo wa wapi? Tumutie upande gani?"

Wakacheka tena, macho kwangu. Nilijua wanasema makabila, si punje; nikajibu kwamba sufuria haijui siasa. Hapo hakuna aliyecheka.

Walichambua siku tatu. Nikiingia, mazungumzo yanakatika. Nikitoka, nayasikia yakianza upya. Kikombe cha chai kilipita mbele ya pua yangu kikielekea kwa mwingine.

Ekonome alirudi asubuhi ya siku ya nne. Tulichemsha ya njano peke yake. Changarawe ikabaki changarawe. Aliiacha sufuria, akachota punje mbichi chache, akaziuma moja moja na kuzitemea kiganjani.

"Rangi haina shida," alisema. "Hii iko ya mwaka huu, inapasuka. Hii ya zamani, jino njo inapasuka. Kuna muntu ametia maharagi ya zamani."

Siku tatu za kuinama zilikuwa za bure, na aliyeziagiza nilikuwa mimi. Sikuomba radhi. Mapya na ya zamani yalikwisha kuchanganyika, hivyo niliwaambia kila mmoja alete gunia jingine kutoka nyumbani, lisimwagwe, lipite kwanza kwenye jino la ekonome.

Prezida alisimama mbele ya bashe. "Bashe njo kooperative yetu. Mwenye alivuna vibaya, asijulikane. Mwenye alikimbia vita, akakosa kupanda, akabakia na ile alificha mwaka jana, asijulikane. Weye unataka kumuvua nguo mbele ya muntu wa Sake."

"Nataka maharagwe yaive," nilisema.

"Basi kaa nayo."

Ekonome aliangalia saa, akatoa ufunguo wa pikipiki mfukoni. Ndipo nilipogundua kwamba wanawake wote walikuwa wakimtazama prezida, si mimi. Walikuwa wanajua.

Prezida akatoka. Nyumba yake iko ng'ambo ya njia. Tulisikia mlango ukifunguliwa. Alirudi na nusu gunia kichwani, akalitua miguuni pa ekonome.

"Anza na hii."

Ekonome akauma. Punje iliteleza mara mbili chini ya jino kabla hajaitema. Alilisogeza gunia kando kwa mguu. Wanawake wengine wakaenda kuleta yao, na punje za magunia yote yaliyofuata zikapasuka.

Shule iliyachukua, na mpaka leo inanunua kwao. Siku ile nusu gunia la prezida lilirudi nyumbani juu ya kichwa kilekile. Alipofika mlangoni pa ghala nilinyoosha mikono nimpokee mzigo.

"Acha, Papa," alisema. "Hii ulisha kuitenganisha."