Kura ya Shingo Nene

Kaka yangu Willis Makhanu alipiga gitaa katika kwaya ya kanisa letu hapa Shinyalu kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo nusura afukuzwe mara moja tu. Tulimzika Julai iliyopita. Watu waliokuja matangani walianza kwa kulia, halafu mmoja akaitaja siku ile ya kura, na wote wakaishia kushika mbavu. Mchungaji alisema kucheka matangani si dhambi kama marehemu mwenyewe ndiye aliyechekesha. Kwa hiyo ninaandika, na nikisimama kidogo katikati kupangusa macho, msomaji anivumilie.

Gitaa lake alilinunua mwaka wa themanini na sita kutoka kwa mwanamuziki mmoja wa Khwisero aliyeokoka akaacha kupiga vilabuni. Hata wakati huo lilikuwa zee. Shingo yake ilikuwa nene kama mpini wa jembe, na mgongo wa shingo hiyo haukuwa mviringo. Ulikuwa na ukingo katikati, umechongoka. Makhanu aliuingiza ukingo huo kwenye pengo lililo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, kisha kidole gumba kikapanda juu ya shingo na kukandamiza uzi wa besi, huku vidole vinne vikihangaika na nyuzi nyingine. Hakufundishwa na mtu. Gitaa ndilo lililomfundisha, na kidole chenyewe kilipinda kikabaki hivyo. Hata alipochuma majani chai, nilikitambua kutoka mwisho wa shamba.

Basi mwaka juzi, wiki chache kabla ya Pasaka, binti wa kanisa letu aliyeolewa Eldoret akatuletea gitaa jipya. Linang'aa, lina mahali pa kuchomeka waya wa spika, na shingo yake ni nyembamba, laini, imeviringika kama mgongo wa kijiko. Akasema atakuja siku ya Pasaka kulisikia likipigwa. Kwaya nzima ikasema Amina. Makhanu naye akasema Amina, bila kujua anaitikia nini.

Jumapili iliyofuata akalipiga. Mkono wake ulikuwa kama mtu aliyekwenda kukumbatia ng'ombe akakuta mbuzi. Kidole gumba kilipita shingo kikaangukia nyuzi ambazo hakikuitwa. Wimbo ukateremka, sauti ya kwanza ikateremka nao, mpaka wakina mama wakawa wanaimba besi na wanaume hawakuwa na pa kwenda. Kisha, kwa kukaza hewa pale alipozoea mbao nene, mkono ukashikwa na mkakamao. Wimbo ukaisha, yeye bado ameing'ang'ania shingo ya gitaa, vidole havifunguki. Mchungaji wakati huo alikuwa amemwekea mama mmoja mgonjwa mikono kichwani, anakemea ugonjwa: "Mwachilie. Nasema mwachilie."

"Najaribu, Mchungaji," akasema Makhanu.

Kuanzia siku hiyo wanakwaya wakagawanyika. Wengine walisema mzee apewe muda. Wengine walisema mgeni wa Eldoret asije akaaibishwa, na gitaa apewe mwanakwaya mwenzao Kimutai, kijana Mnandi wa mwaka wa nne pale chuo kikuu cha mjini, ambaye alijifunza kwenye gitaa jembamba na hakuwahi kujua jingine. Na huyo akishika gitaa siku ya Pasaka, nani atamnyang'anya Jumapili inayofuata? Makhanu alilijua hilo. Aliniambia, "Wakinitoa, nitaenda kuketi benchi la nyuma na wale wanaume wanaotokanga mahubiri yakianza." Alisema akicheka, lakini siku tatu hakugusa gitaa lolote.

Mchungaji akaamua jambo lipigiwe kura, na kwa kuwa neno la mtu mzima haliamuliwi nyuma ya mgongo wake, wanakwaya waende nyumbani kwake. Katibu wa kwaya, dada Edah, akaandika kwenye kundi la simu.

Sasa, huku kwetu r na l ni mapacha, hata mama yao huwachanganya, na Edah huandika kama anavyosema. Aliandika hivi: "Jumamosi saa nane kutakuwa na kula kwa mzee Makhanu. Msikose."

Hawakukosa. Kikao cha kwaya huwa na watu kumi na mbili, mvua ikinyesha watano. Siku hiyo walikuja wanakwaya wote ishirini na mmoja, na waume, na wake, na watoto, na jirani mmoja ambaye si wa kanisa letu. Nilikuwa nimepita kumsaidia wifi yangu Nanjala kupukusa mahindi. Makhanu alikuwa hajamwambia mkewe habari ya kura kwa sababu ya aibu.

"Baba Mitchel," Nanjala akamwita kando, "hawa wanataka nini?"

"Wamekuja kunipigia kura."

"Na mbona wananawa mikono?"

Makhanu akatazama. Kweli, mstari ulikuwa umeshajipanga kwenye mtungi. Edah alikuwa amesimama kando, simu mkononi, anasoma ujumbe wake mwenyewe kama mtu anayesoma barua ya daktari.

"Dada katibu," mzee mmoja wa sauti ya nne akamwambia, "hata mimi nilishangaa. Nikasema, huyu Makhanu anakaribia kufukuzwa na bado anatualika. Huyo ni Mkristo."

Mtu akishanawa mikono kwako, huwezi kumwambia alisoma vibaya. Nanjala akajifunga leso. Jogoo mmoja na kuku watatu wakaitwa mbele za Bwana. Mimi nikachemsha maji ya obusuma, ugali wetu, kwenye sufuria ya mazishi, ile kubwa, na wakina mama wakaingia kwenye mboga bila kuulizwa. Wanaume hawakuwa na kazi. Na Kimutai, kwa kukosa pa kutazama, akachukua gitaa zee lililokuwa ukutani.

Alilishika. Akalizungusha. Vidole vyake vilizunguka shingo vikafika nusu ya safari.

"Mzee," akasema kwa adabu, "hili ni gitaa ama ni mchi?"

Uwanja mzima ukacheka, na Makhanu akacheka kuliko wote, maana wiki nzima alidhani ni mikono yake tu iliyo na kasoro. Akaja mpaka nilipokuwa, akaninyang'anya jogoo niliyekuwa nimemaliza kumnyonyoa, akampeleka kwa Kimutai akiwa amemshika miguu.

"Pitisha kidole hapa katikati."

Kimutai akapitisha kidole kwenye ule mfupa wa kifua.

"Umesikia ukingo? Hiyo ndiyo shingo ya gitaa la zamani."

"Mzee, kwenu kuku ana shingo kifuani?"

"Nyamaza usome, si uko chuo kikuu. Gitaa la siku hizi lina chuma ndani ya shingo, unakikaza na kifunguo kidogo, kwa hiyo mbao inaweza kuwa nyembamba. Hili la zamani halina cha kukaza. Ni mbao peke yake inayovutana na nyuzi mchana na usiku. Ukiifanya nyembamba, itapinda kama upinde. Na huu ukingo ni wa kidole gumba, si urembo. Kiegemeze hapo, kisha kipande juu."

Kimutai akaegemeza, akapandisha. Uzi wa besi ukatoa sauti kama mbuzi aliyekanyagwa. Akajaribu tena, ukatoa sauti ya mbuzi aliyesamehewa. Watoto walikuwa wakigaagaa chini.

"Sasa na wewe, mzee," Kimutai akasema, akimpa lile jipya. "Kidole gumba kikae nyuma. Usilikamate. Lishike kama yai."

"Yai? Mimi nimekuwa nikilishika kama mwizi."

Akalishika kama yai. Akapiga wimbo mmoja wa sifa, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe, na kila kidole gumba kilipoanza kuchungulia juu, Kimutai alikigonga na kijiti cha mboga. Hakuharibu zaidi ya mara nne. Nilimwona anauma mdomo, na sikuwa na hakika kama jasho lile lilikuwa la jua.

Chakula kikaja. Walikula mpaka mazungumzo yakafa. Ndipo Edah, ambaye dhamiri ilikuwa ikimsumbua, akasimama na kalamu: "Wanaotaka mzee Makhanu aendelee, wainue mkono." Wakati huohuo Nanjala akatoka jikoni na sufuria ya pili: "Nani anaongezwa?"

Mikono yote ikapanda. Watoto waliinua miwili. Edah akahesabu arobaini na sita.

"Imepita," akasema mzee wa sauti ya nne, sahani yake ikiwa mbele.

Lakini Makhanu akasimama. Kaka yangu alikuwa mtu wa mzaha, ila kwa mambo ya Mungu hakuwa na mzaha. "Hiyo ni kura ya mchuzi," akasema. "Siwezi kukaa mbele ya madhabahu kwa kura ya mchuzi. Mchungaji, irudiwe. Wanakwaya peke yao, na wafumbe macho, mtu asimwogope mwenzake. Na mimi nitatoka niende shambani."

Akatoka. Mchungaji akasema wanakwaya ni ishirini na mmoja, kwa hiyo mikono kumi na mmoja inatosha. Wote tufumbe macho, hata tusiohusika. Tukafumba.

Mungu anisamehe, nilifumbua jicho moja. Kimutai mkono wake ulikuwa juu, umenyooka. Edah alikuwa ameinua. Wa sauti ya nne, aliyekula vipande vitatu, hakuinua. Nikahesabu mara mbili. Walikuwa kumi. Kupitia ua niliona mgongo wa Makhanu kati ya michai. Alikuwa amesimama tu, hachumi chochote.

Mimi si mwanakwaya. Sijawahi kuwa. Nilikataliwa mwaka wa tisini na nane, na kwa haki, kwa ajili ya sauti yangu. Nikainua mkono.

Mchungaji alikuwa akihesabu kwa kutikisa kichwa. Alipofika kwangu akasimama. Mimi nikiwa na jicho moja wazi, yeye akiwa na yake mawili, tukatazamana kwa muda ambao niliuona mrefu kuliko mkesha wa mwaka mpya. Kisha akatikisa kichwa mara moja, akaendelea.

"Fumbueni," akasema. "Ni kumi na mmoja. Mwiteni Makhanu, mwambieni Pasaka afike mapema, spika zinahitaji kupangwa."

Alifika saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya mwenye ufunguo.