Mafuta Yanywayo Maji

Siku ya kwanza kazini nilipewa tambara, sikupewa spana. Ilikuwa gereji moja pale Ukunda, Ukunda ya wakati ule, njia ya kwenda Diani ikiwa mchanga mtupu na bendera ya uhuru bado haijapigwa na jua ikafifia. Shati nililovaa nililiazima. Shule nilifika darasa la tatu, kwa hiyo nyinyi vijana mnaosoma haya msinitafutie maneno makubwa humu.

Fundi Mkuu wetu alikuwa Singasinga, mtu mnene, kilemba cha samawati, ndevu kazifunga kwa wavu. Aliniangalia mikono, uso hakuutazama kabisa. Akasema, "Wewe futa. Mwezi moja futa tu. Gari chafu iko ficha ugonjwa."

Basi nikafuta. Nilifuta ekseli, nilifuta springi, nilifuta vitu ambavyo hata kwa jina sikuvijua. Tulikuwa mafundi wanne, na mchana tukikaa kula mihogo tulikuwa tukimwigiza yeye na Kiswahili chake, "iko hii, iko ile", tunacheka mpaka tunapaliwa. Yeye alikuwa ndani anakula chapati zake na achari, anasikia. Hakuwahi kukasirika. Siku moja tu alichungulia akasema, "Cheka, lakini nati kaza." Mtu yule alikuwa akivunja lugha, ila kazi hakuwahi kuivunja.

Baada ya miaka miwili akaniweka kwenye breki. Hapa niwaeleze kidogo, maana siku hizi mnafungua kisanduku mnatoa kifaa kipya, mnafunga, mnaondoka. Breki za wakati ule nyingi zilikuwa za ngoma. Ndani ya gurudumu mna chuma kama sufuria iliyogeuzwa, hiyo ndiyo ngoma, na ndani yake viatu viwili vilivyobandikwa kitambaa kigumu. Ukikanyaga pedali, masta silinda inasukuma mafuta kwenye vipaipu, mafuta yanasukuma viatu, viatu vinabana ngoma, gari linasimama. Breki za sahani ni nyingine: sahani ya chuma inazunguka wazi na kalipa inaibana huku na huku kama koleo. Ngoma ikipata moto kwenye mteremko huchoka, unakanyaga na gari halikusikii. Sahani haichoki upesi, inapigwa na upepo. Lakini moto wake unapanda moja kwa moja mpaka kwenye mafuta. Hilo la mwisho Fundi Mkuu aliniambia mara nyingi. Nililisikia kwa sikio tu.

Sasa nije kwa binamu yangu Nassoro. Alikuwa mtoto wa Shangazi Mwanamisi wa Tiwi, dada wa baba yangu, na ndiye mtoto pekee Mungu aliyemjalia. Akasoma, akapata kazi Kwale kwenye ofisi ya kupima mashamba. Binamu ni mtani, hilo mnalijua, basi sisi hatukuwahi kuamkiana kama watu.

"Bwana Ardhi!" nilikuwa nikimpigia kelele akija. "Leo umekuja kutupimia gereji?"

"Gereji ya nini? Nimekuja kupima ukoga wa shingo yako, ni eka ngapi."

Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimuuzia kigari cha michezo, milango miwili, chekundu, kimekaa chini hata ukipita nacho kuku walikuwa hawakimbii, wanakitazama. Kilikuwa chepesi na injini yake kali. Na Nassoro alikuwa na mbio, sitamficha. Alikuwa akipanda Kwale asubuhi na kushuka alasiri, na ule mteremko wa Kwale kuja Kombani mnaujua. Breki za ngoma za kigari kile zilikuwa zikifika chini zinanuka.

Siku moja Shangazi alikuja kwa miguu mpaka gereji, ameshika kikapu cha vitumbua. Nikamwamkia, "Shikamoo, Shangazi." "Marahaba, mwanangu." Akakaa juu ya tairi, akapumua. Kisha akaniambia, "Yule mwenzio ana mwendo wa kishetani. Nimesema, nimelia, kacheka. Mimi simwezi. Wewe ndiye mwenye breki. Nizuilie mwanangu."

Sijapewa kazi kubwa kuliko ile, tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu.

Nikamwendea Fundi Mkuu. Akakizunguka kigari mara mbili, akachuchumaa, akasema tutatoa ngoma za mbele, tutafunga sahani. Tukapata gari kubwa la kabila lilelile lililopinduka huko Taru, tukang'oa sahani zake na kalipa zake. Lakini si kufunga tu. Kalipa inataka mafuta mengi kuliko silinda ndogo za ngoma, kwa hiyo masta silinda ilibidi iwe kubwa zaidi. Rimu za zamani zikawa zinagusa kalipa, tukatafuta nyingine. Vipaipu vya mpira vyote vipya. Na breki za nyuma tulizirekebisha zisishike kabla ya mbele, maana gari likishikwa nyuma kwanza linazunguka kama pia. Niliifanya kazi ile kwa siku tano. Nikiwaambia ilikuwa nzuri sijisifu, hata leo ningeweza kuwaonyesha bila haya. Isipokuwa kitu kimoja.

Miezi mingi kabla ya hapo, Fundi Mkuu aliona kwenye rafu kopo la mafuta ya breki lililobaki nusu. Akaniambia, "Hii kopo fungua zamani. Mwaga."

"Kwa nini, Fundi? Bado nusu nzima."

"Hii mafuta iko kunywa maji."

Nikacheka. Wenzangu nao wakacheka. Mmoja akasema, "Fundi, mafuta yanakunywa maji, au yanakunywa chai?"

Akangoja tunyamaze. "Kunywa maji ya hewa. Pwani hewa iko maji tupu. Mwaga."

Sikumwaga. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulichapwa kwa kuacha punje za wali kwenye sahani, tukaambiwa kumwaga kitu kizima ni israfu, na mwenye israfu ni ndugu wa shetani. Tena, nani aliyewahi kuona mafuta yakichanganyika na maji? Mama anapika mchuzi, mafuta yanaelea juu. Nikaona Singasinga amezoea kutupa, basi. Nikalifunika kopo kwa kitambaa nikaliweka nyuma ya sanduku la bolti. Miaka mingi baadaye ndipo mhandisi mmoja aliponieleza kwamba yale si mafuta hata kidogo, ni kitu kingine cha viwandani, sisi tu tuliyabandika jina la mafuta. Na ni kweli yanavuta unyevu wa hewa. Yakishapata maji, yakipata moto, yanachemka ndani ya paipu na kuwa mvuke, na mvuke hausukumi kitu. Jina ndilo lililonidanganya.

Siku ya kujaza mafuta Fundi Mkuu alikuwa amekwenda Mombasa, harusi ya jamaa yake. Aliniachia kopo moja jipya akasema, "Kama hapana tosha, ngoja mimi. Jumatatu leta ingine." Halikutosha. Nilikuwa chini ya gari, mwenzangu kwenye pedali, tunatoa hewa kwenye vipaipu kama desturi: "Kanyaga! Shika! Achia!" Gurudumu la tatu kopo likaisha. Nassoro alikuwa amesimama pale.

"Haya mtani, funga kazi. Jumatatu asubuhi niko Kwale na wakubwa wangu. Nipande mgongo wako?"

Nikaenda nyuma ya sanduku la bolti.

Tulikijaribu mimi na yeye, Ukunda mpaka Msambweni, njia tambarare. Alipokanyaga, kigari kilisimama hata kofia yangu ikaruka mbele. Alicheka Nassoro siku ile! Akasema, "Nenda kamwambie mama yangu sasa nina akili, nimefungiwa miguuni." Jumatatu Fundi Mkuu akarudi na kopo jipya, akaniuliza, "Mafuta tosha?" Nikamjibu, "Yalitosha." Kopo lile jipya akaliweka kwenye rafu, likakaa pale.

Wiki ya tatu, alasiri yenye jua kali, Nassoro alikuwa akishuka kutoka Kwale nyuma ya lori lililokwenda polepole, kwa hiyo muda wote mguu uko kwenye breki. Alipolipita lori akakuta kona. Kona ile hakuizunguka. Alikufa palepale.

Kigari kililetwa gereji kwetu kwa kamba. Afisa wa polisi akaja, akaingiza mguu, akakanyaga pedali. Ilikuwa ngumu, nzuri kabisa, maana mafuta yakishapoa ule mvuke hurudi kuwa maji na breki huwa kama haikuwahi kuwa na ugonjwa. Akaandika: breki nzima, dereva alikuwa na mwendo mkali. Akaondoka.

Fundi Mkuu alingoja vumbi la polisi litulie. Akaniita. Akainama chini ya usukani, akanionyesha zulia la mpira chini ya pedali: lilikuwa limekatika, pedali imelitoboa. "Ona. Huyu kanyaga. Kanyaga sana." Kisha akafungua nati ya kalipa, akakinga mafuta kwa kifuniko cha bati, akakiweka juu ya jiko la mkaa. Hayakuchukua muda. Yakaanza kutatarika, ta-ta-ta, kama kikaango kilichodondokewa na maji. Hakuniuliza kopo lilitoka wapi.

"Mimi hapana sema polisi," akasema. "Polisi sikia, gereji funga, na mimi iko watoto sita. Hiyo dhambi yangu. Lakini wewe, ambia mama yake."

Nilikwenda Tiwi nikiwa nimeshayapanga maneno. Watu wamejaa matangani. Na mimi ni mtani, kwa desturi yetu mtani anatakiwa afanye masihara ili wafiwa wapate kupumua. Wakaniita, "Mtani wake huyo! Haya, mdai deni lako!" Nikasimama katikati ya ua, sikupata hata neno moja la mzaha. Wakaona ni huzuni. Shangazi akanishika mkono.

"Mwanangu, polisi wamesema breki zilikuwa nzuri. Wewe ndiye fundi. Zilikuwa nzuri?"

Wanawake wote wakanigeukia.

"Zilikuwa nzuri, Shangazi."

"Basi ni yeye mwenyewe," akasema. "Alifungiwa breki na ndugu yake, hakuzikanyaga."

Kazi niliendelea nayo, mtu atafanyaje. Niliondoka Ukunda nikaingia yadi ya kiwanda cha sukari huko kusini, matrekta na malori ya miwa. Meneja wa kwanza alikuwa Mzungu mkali wa saa, wa pili alikuwa mtu wetu, Bwana Mhandisi, huyo aliyenieleza habari ya mafuta. Nikawa Fundi Mkuu mimi mwenyewe. Kila kopo lililofunguliwa nililiandika siku kwa chaki, na siku zikipita nililimwaga mbele ya watu. Vijana wa yadi wakanipa jina, Mzee Mwaga. Bwana Mhandisi aliwahi kuniuliza, "Mzee, huoni ni hasara?" Nikamwambia naona.

Lakini Tiwi nilikuwa nikienda kila Idi, na kila Idi nilimsikia. Kijana yeyote akipanda pikipiki, Shangazi humwambia, "Usiwe kama mwanangu. Alipewa breki, hakutaka kuzikanyaga." Akiswali humwombea asamehewe papara zake, asamehewe kumtii shetani wa mwendo akamuacha mamake. Ulimwengu mzima wa pale ulikuwa ukijua kwamba Nassoro alijiua kwa ujinga. Na mimi nimekaa kwenye mkeka, nakula pilau.

Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na kikao cha soda. Wiki ileile nikapanda gari la Tiwi. Shangazi alikuwa amekuwa mdogo, macho yameingia ukungu. Nikamwamkia, nikakaa chini miguuni pake, nikamweleza lote: kopo, kitambaa, polisi, zulia, jiko la mkaa.

"Zulia lilitoboka?" akauliza.

"Lilitoboka, Shangazi."

"Kwa hiyo alikanyaga."

"Alikanyaga mpaka mwisho."

Akasema, "Alikanyaga," akasema tena, "alikanyaga mwanangu," kama mtu anayejifunza kulitamka. Kisha akataka fimbo yake. Makaburi ya jamaa yako nyuma ya nyumba, hatua chache. Alikataa nimshike. Akaenda mwenyewe, anapapasa, akafika, akainama, nami nikabaki kwenye ua wa makuti. Nilimsikia akisema, "Nassoro, nimekusingizia miaka yote hii. Niwie radhi, baba. Mimi sikujua." Alilia kilio ambacho siku ya msiba hakukilia, kwa kuwa siku ile alikuwa na hasira naye.

Jua lilipomchoma akageuka, akanyoosha mkono hewani bila kuniita. Nikaenda nikamshika nikamrudisha ndani, nikamtandikia, nikamtekea maji ya kunywa. Aliishi miaka mingine miwili baada ya hapo, nami nilikuwa nikienda kila Ijumaa. Alinipokea, alinipa chai, aliniuliza habari za wanangu kwa majina. Mpaka anafariki hakuniambia kama amenisamehe, na mimi sikuthubutu kumuuliza.