Mwenyekiti wa Baridi

Enzi zetu, baridi ilikuwa na mwenyekiti, na mwenyekiti huyo alikuwa mama yangu mzazi.

Ninyi mliokulia kwenye joto mnaweza kucheka. Lakini wenzangu wa milimani, upande wetu wa Makete, mnajua ninachosema. Mwezi wa sita ukiingia, unaamka asubuhi unakuta bonde zima kama limepakwa chokaa. Sakitu, umande ulioganda. Majani yalivunjika chini ya nyayo kama maganda ya karanga, na nyayo zenyewe zilikuwa peku, maana viatu vilikuwa vya Krismasi na Pasaka. Tulikimbia mchakamchaka juu ya hiyo sakitu huku mwalimu wa zamu amesimama pembeni na koti lake, mikono mfukoni, akituhimiza tukimbie ili tupate joto. Yeye hakukimbia, na joto alikuwa nalo. Hesabu hiyo nilianza kuipiga nikiwa darasa la pili, na mpaka leo haijanikubali.

Kila mtoto alikuwa na kopo lake. Kopo la maziwa ya unga, umelitoboa kwa msumari, umelifunga waya, ndani umetia makaa. Njiani ulilizungusha mpaka makaa yawe mekundu, kisha ukalikumbatia tumboni. Kwa hiyo masweta yetu yote yalikuwa na matundu ya cheche. Ya langu niliyahesabu yakawa saba. Nikarudia ili nihakikishe, yakawa manane. Mama aliliangalia tu akasema, "Likibaki shingo na mikono bado ni sweta. Vaa."

Leo mwanangu Neema, aliyezaliwa hapa Tottenham, theluji ikianguka kidogo tu, kama unga uliomwagika mezani, simu inalia kumwambia shule imefungwa. Nilimsimulia habari za sakitu na miguu peku. Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba yule mwalimu alipaswa kushtakiwa. Kisha akataka kujua kama lile kopo lilikuwa na mfuniko, kwa ajili ya usalama.

Sasa, mwenyekiti lazima awe na chama. Tulikiita Chama cha Kipupwe, na kiliishi miezi mitatu tu kwa mwaka. Kiliamka na sakitu ya kwanza, kikalala mipichi ilipoanza kutoa maua. Hakikuwa na ofisi wala muhuri. Kilikuwa na moto. Kila jioni moto uliwashwa uani kwa mtu mmoja, kesho yake kwa mwingine, na nyumba zote za kitongoji zikaja, kila moja na gogo lake la mwati na viazi vyake. Mchana sisi watoto tulitumwa kuwaokotea kuni wazee wasioweza tena kupanda mlima. Kina mama walikaa juani kuunganisha mablanketi makuukuu, kiraka juu ya kiraka, mpaka likatoka blanketi zito ambalo ukishajifunika huwezi kugeuka mpaka kupambazuke. Jumapili baada ya ibada yalikuwepo mashindano ya kuteleza kwenye mteremko wa miti ya misindano. Unakalia tawi, mwenzako anakusukuma, unashuka juu ya majani makavu yanayoteleza kama sabuni, na chini kabisa kuna kijito. Chama kilishughulikia kila kitu isipokuwa breki.

Ila hakuna aliyewahi kugombea uenyekiti. Mwenyekiti ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kukumbusha zamu, ndiye aliyesuluhisha wagomvi, ndiye aliyelaumiwa mvua ikinyesha. Katika mkutano wa kwanza kila aliyetajwa alikuwa na mdomo wa kukataa: huyu mgongo, yule mkwe mgonjwa. Basi kitongoji kilikuwa na desturi yake, na wala hakikuionea haya. Alichaguliwa asiyekuwepo.

Mwaka huo mama alikuwa amekwenda mashine kusaga. Nilikuwa naye, nimeshika pindo la kanga yake. Tulirudi jioni, ndoo ya unga kichwani mwake, kope zimekuwa nyeupe, tukakuta uani kwetu watu wamekaa kimya cha kutia shaka. Baba Mdogo Yohana, mdogo wake baba, akasimama na kuvua kofia.

"Karibu, Mwenyekiti."

"Mwenyekiti wa nini?"

"Wa baridi."

"Na nani kanichagua?"

"Sote, shemeji. Kwa kauli moja. Hata wewe hukupinga."

Watu walicheka mpaka mbwa wakaanza kubweka. Mama alitua ndoo, akajifuta uso, akasema, "Haya. Basi Yohana, kuni za moto wa kwanza utaleta wewe. Na wewe hujapinga." Akaingia ndani kupika.

Alikishika kile chama miaka mingi. Nikifumba macho bado nauona ule moto, na harufu ya ngozi ya kiazi inayoungua ukingoni. Moto wa uani una tabia moja: unakuchoma magoti huku mgongo unaganda. Kwa hiyo katikati ya maongezi mama alipaza sauti, "Geukeni!", na sote, wazee kwa watoto, tuligeuka kwa pamoja, migongo motoni, nyuso gizani. Maongezi hayakukatika, ila yalibadilika. Mtu asiyeonana macho na mwenzake husema mambo mengine. Nakumbuka majirani wawili waliokuwa hawasalimiani tangu masika. Tukageuka, na sauti moja ikasema gizani, "Yule mbuzi wako nilimpiga jiwe kweli."

"Nilijua."

"Anaendeleaje?"

"Anachechemea."

"Leo nimeleta viazi vingi."

"Nimeviona."

Tulipogeuka tena, walikuwa wanamenya kiazi kimoja. Na hakuna aliyejua kilikuwa cha nani, kwa sababu mama alivifukia vyote kwenye jivu moja, cha mwenye shamba kubwa na cha mjane. Mwaka ule sakitu ilipounguza mashamba yote yakawa meusi, watu wakaanza kuona haya kuja mikono mitupu. Mama akapita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba viazi vimepigwa marufuku. Atakayeleta atarudishwa navyo. Tulikunywa mchaichai bila sukari kipupwe kizima, tukigombania mahali pa kukaa, na yeye akisema kama kawaida yake, "Sogea, mwenzako naye ana mgongo."

Sisi watoto tulidhani mwenyekiti ndiye anayekaa pazuri. Mama alikaa upande wa moshi, kwa kuwa upande huo hakuna aliyeutaka. Mara nyingi nilimwona amelala vilevile alivyokaa, kisu cha kumenyea kikiwa mkononi. Siku moja, anachambua njegere, nikamwuliza kwa nini asiache.

"Nimwachie nani?"

"Baba Mdogo Yohana."

"Yohana hakosi mkutano hata mmoja, mwanangu," alisema. "Anaogopa."

Hapa Tottenham tupo watu wa upande wetu wa kutosha kuunda chama, na wachache kiasi kwamba hatuwezi kukwepana. Baridi ya hapa inajua kazi yake, lakini haina kelele. Inakungoja kituo cha basi. Tunakodi ukumbi wa nyuma ya kanisa, Jumamosi za majira ya baridi. Tunapika viazi na njegere, wazee wanacheza bao, watoto wanafundishwa nyimbo za kwetu ambazo wanaziimba kama wanasoma maelekezo ya dawa, na mwenye koti la ziada analileta kwa mgeni aliyefika na jaketi jepesi la uwanja wa ndege. Mwenyekiti ni mimi. Nina meza sokoni, nauza masufuria na mablanketi, na Jumamosi ya uchaguzi nilikuwa nimefuata mzigo. Simu ikalia. Ni Fidelis, dereva wa basi, rafiki yangu mpaka siku ile.

"Hongera, Mwenyekiti."

"Mwenyekiti wa nini? Mimi sikuwepo!"

"Tuliona."

Desturi imepanda ndege nasi, bila visa.

Mwanzoni watu walikuja. Halafu zamu za kazi zikawala mmoja mmoja: huyu anatunza wazee wikendi, yule anasafisha ofisi, wa tatu yuko njiani tangu asubuhi na sauti yake kwenye simu ni ya mtu aliye chini ya blanketi. Kwenye kundi letu la simu nikitangaza Jumamosi, madole gumba yanajaa kioo. Sijawahi kuona dole gumba likimenya kiazi. Majira ya baridi yaliyopita ilifika Jumamosi nikawa mimi, masufuria mawili, viti nilivyovipanga na nitakavyovipangua mwenyewe, na Bibi Rhoda.

Bibi Rhoda aliletwa na binti yake, muuguzi, kuja kulea wajukuu. Wajukuu wamekua, sasa wanaelewa anachosema na kumjibu kwa Kiingereza, naye anaitikia kwa kichwa. Anakaa juu kabisa ya jengo lenye lifti isiyoaminika. Kuanzia Novemba mpaka Aprili hatoki, ila Jumamosi namfuata na gari langu la mzigo. Ukumbini anaongea mpaka sauti inakauka. Ukumbi ukifungwa, itabaki yeye, televisheni na lile bomba la joto ukutani. Hilo nililijua vizuri, na ndilo lililonichelewesha kuacha. Lakini mtu anachoka. Mgongo nao una haki yake.

Jioni ile nikimrudisha, nikamwambia.

"Bibi, Jumamosi ijayo nang'atuka."

Alitazama mvua kwenye kioo. "Umechoka."

"Nimechoka."

"Nani atashika?"

"Watachagua."

"Na wasipopata mtu?"

Nilijifanya natafuta njia ya kupita. Hakuniuliza tena, akashuka taratibu na fimbo yake, na mimi nikakaa pale mpaka taa ya lifti ilipowaka. Kisha nikaandika kwenye kundi: Ndugu zangu, Jumamosi ijayo nang'atuka, tutachagua mwenyekiti mpya. Hakuna aliyeweka dole gumba.

Jumamosi hiyo nilifungua ukumbi mapema. Wa kwanza kufika alikuwa Fidelis na sare yake ya kazi. Wa pili sikuwa nimemwona tangu harusi yake, na sasa alikuwa na watoto watatu. Muuguzi, binti yake Bibi Rhoda, alitoka zamu ya usiku akaja moja kwa moja, macho mekundu. Kuna aliyekuja anaburuta sanduku kutoka uwanja wa ndege. Viti vikaisha. Nikahesabu vichwa, sikuamini, nikahesabu tena, na hapo katikati waliingia wengine wanne.

"Mbona mmejaa hivi?"

"Tumekuja kukuaga, Mwenyekiti," alisema Fidelis.

"Kuniaga au kujilinda?"

"Kaka, unadhani leo nani ana ujasiri wa kubaki nyumbani?"

Ukumbi wote ukacheka. Bibi Rhoda alikuwa amekaa katikati, ameshikwa mikono na watu wa kila upande, anauliza habari za ukoo mzima, anakemea, anafuta machozi, anakemea tena. Vijana waliokuja wamelazimishwa walianza kwa kuinamia simu zao. Baada ya muda nikaona Neema na wenzake wamemzunguka, wamesahau simu mezani.

Tatizo likawa chakula. Nilikuwa nimepikia watu wa kawaida yetu, yaani karibu hakuna. Nikatupa macho huku na huku nitafute wa kumtuma dukani. Kila niliyemtazama alishika kiti chake. Nikaenda mwenyewe. Ni mwendo mfupi, ningerudi mara moja. Lakini mwenye duka alinitajia bei ya gunia la viazi ambayo kwangu ilikuwa matusi, nami ni mtu wa soko. Nikashusha, akapandisha, nikaondoka mpaka mlangoni, akaniita, nikarudi. Nilishinda. Nikarudi na gunia begani, nimejisifu njia nzima.

Nilipofungua mlango nilikuta kimya, na kimya kile nilikijua. Fidelis akasimama.

"Karibu, Mwenyekiti."

Gunia likanishuka lenyewe. "Nani? Nani kanitaja?"

Bibi Rhoda akainua fimbo yake. "Mimi."

"Bibi! Nilikwambia nimechoka."

"Nimesikia. Na wao wamesikia." Akawageukia wote. "Anayetaka kuacha kweli hatoki nje kwenye baridi kufuata viazi. Lakini mnamwona alivyo. Menyeni."

Wakamenya. Kwa jioni ile moja walimenya wote, dereva na muuguzi na yule wa sanduku, na mimi kwa mara ya kwanza nikakalishwa kitini.

Msije mkadhani mambo yalibadilika. Wiki iliyofuata walikuja nusu, iliyofuata nusu ya hiyo nusu, na kufika Machi tulikuwa tumerudi kwenye masufuria mawili. Siwalaumu. Kule kwetu watu walikuja kwa sababu nyumba zilikuwa baridi na moto ulikuwa mmoja. Ukikosa, ulikosa joto na ukakosa na habari. Hapa kila mtu ana joto lake ndani ya bomba lake, analiwasha kwa kidole, na mgongo wake hauhitaji mtu wa kumsogelea. Tumepata joto la kutosha kukaa peke yetu. Mama, pamoja na moshi wake wote machoni, hakuwahi kumtisha mtu ili aje.

Mimi sina moto wa kuwavuta. Nina desturi hiyo moja. Baridi imeanza tena, Bibi Rhoda ameniuliza nimempangia nini, na jana nimeandika kwenye kundi kwamba Jumamosi hii nang'atuka. Majibu yameanza kuingia. Wote watakuwepo.