Bubu Aliyeandikwa Mjerumani

Wifi yangu Smilja alizaliwa bubu, lakini mikono yake haikujua kutulia. Ikiacha kushona mifarishi ya manyoya ya bata ya kujifunika, inachora hewani habari za kijiji kizima. Mimi nilikuwa mvivu, sikujifunza ishara zake. Nilijua ya mkate na ya maji, basi. Aliyezijua zote ni Resi, jirani yetu Mjerumani. Wawili hao walikuwa wakichekeana kwenye ua kutwa nzima, mpaka nikaona wivu.

Wanasema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha wifi yangu. Karani Mromania alipopita kwetu Banat, pembe ya Romania tunakoishi Waserbia na Wajerumani, kuandika watu, aliuliza mbona huyu hajibu. Nikamwambia kwa Kiserbia, "Nema." Yaani bubu. Sasa, Mjerumani kwetu ni nemac, kwa kuwa wazee wetu walipokutana na Wajerumani hawakuelewa hata neno moja, wakawaona wote mabubu. Warusi wanalo neno hilo, Wahungaria wanalo. Waromania nao walilichukua, ila kwao ni Mjerumani tu. Ububu waliuacha njiani. Karani akasikia alichokijua, akaandika: Mjerumani.

Januari ya 1945 jeshi la Warusi likaamuru Wajerumani wakusanywe wapelekwe migodini Urusi, walipie vita. Smilja akaitwa pamoja nao.

Nilikimbia hadi shuleni walikokusanywa, bila hata kitambaa kichwani. Karani alikuwa mezani, na askari Mrusi kando yake.

"Bwana karani, huyu ni Mserbia. Ni wifi yangu."

"Basi aseme mwenyewe. Neno moja tu la Kiserbia."

"Angekuwa anasema, ungemwandika hivyo?"

"Mama, leo humu ndani kila mtu kawa bubu."

Nilitamani kumrushia kidau chake cha wino. Nikamgeukia Mrusi, nikajigusa mdomo. "Nema," nikasema. "Si nemac. Nema."

"Nemaya?" akauliza kwa lugha yake. Akamtazama Smilja, akamtazama karani, akacheka mpaka kofia ikamteleza. "Umetuletea bubu, bwana," akamwambia kwa Kiromania cha kuokoteza. "Mfute."

Nikamkumbatia Smilja nikilia kwa furaha. Yeye hakunitazama. Resi alikuwa amekalia furushi lake pale ukutani, na mikono yao ilikuwa inakwenda mbio kuliko nilivyowahi kuiona, mpaka Resi akaitwa kwenye mstari wa kwenda stesheni.

Resi hakurudi. Tangu siku ile Smilja hakai. Huenda stesheni, hurudi, huenda tena. Juzi alinishika bega akaniketisha, akachora hewani jambo refu. Nikatikisa kichwa kwamba sielewi. Akalirudia polepole, kama anayemsemesha mtoto. Akalirudia mara ya tatu.

Nikaenda kumletea mkate.